Simu, Mnara na Mwili Wako: Mionzi Hupimwaje?



Wapendwa wazazi na wanafamilia, kuna swali ambalo siku hizi linazuka katika mikutano ya parokia nyingi. Kampuni ya simu inaomba sehemu ndogo ya kiwanja cha kanisa ili isimike mnara. Kodi ya pango itakayolipwa ingeweza kuezeka zahanati au kununua madawati ya shule. Halmashauri ya walei inaketi, na kabla ya sala ya kufunga kikao watu wamekwisha gawanyika mafungu mawili. Wengine wanasema, "Tukubali, ni baraka." Wengine wanasema, "Mtatuulia watoto kwa mionzi!" Kisha wote wanarudi nyumbani, na usiku huohuo simu inawekwa chini ya mto anaolalia mtoto.

Katika ukurasa huu hatumcheki mtu. Hofu ya mzazi kwa ajili ya mtoto wake hutoka katika upendo. Lakini hofu isiyo na kipimo humfanya mtu akomee mlango wa mbele na kuuacha wa nyuma wazi. Kwa hiyo leo tutajifunza jinsi mionzi ya simu inavyopimwa katika mwili wa binadamu, na vipimo hivyo vinatufundisha nini katika familia zetu.

MAWIMBI HAYA NI YA AINA GANI?

Neno "mionzi" linatisha kwa sababu tunalitumia kwa vitu viwili vilivyo tofauti. Kuna mionzi yenye nguvu kubwa, kama ile ya eksirei na ile itokayo katika madini ya urani. Hiyo inaweza kupenya ndani ya chembe hai za mwili na kuharibu viini vya urithi. Ndiyo maana fundi wa eksirei husimama nyuma ya ukuta anapopiga picha, na mwanamke huulizwa kwanza kama ni mjamzito.

Kuna pia mawimbi ya redio. Hayo ndiyo yanayobeba sauti ya simu, intaneti ya waifai, na hata Misa Takatifu wanayoisikiliza wagonjwa wetu katika redio ya FM. Mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja viini vya urithi kama eksirei. Madhara yake yaliyothibitika mwilini yanatokana na joto: yakiwa makali mno, huupasha mwili moto. Jiko la maikrowevu hutumia mawimbi ya jamii hiyohiyo kupikia chakula, lakini jiko hilo hutoa wati 800 hivi zilizofungiwa ndani ya sanduku la chuma. Simu ya 2G ya masafa ya 900, ikitoa nguvu yake yote, hutoa wastani wa robo ya wati tu. Tofauti ni zaidi ya mara elfu tatu.

Basi, swali la kiafya si kama mionzi ipo. Ipo, imetuzunguka pande zote. Swali ni hili: kiasi gani kinaingia mwilini?

KIPIMO KINACHOITWA SAR

Wataalamu hupima nguvu inayofyonzwa na mwili kwa kuhesabu wati kwa kila kilo moja ya mwili. Kipimo hicho hujulikana kwa herufi tatu, SAR. Ukifungua kijitabu kinachokuja na simu mpya utaziona herufi hizo. Katika simu nyingi za kisasa, ukibonyeza *#07# maelezo yake hutokea kwenye kioo.

Ili tuelewe kipimo hiki, tuanze na joto letu wenyewe. Mtu mzima akiwa ameketi kimya, mwili wake hutengeneza joto la wati moja hivi kwa kila kilo. Kwa maneno mengine, mtu wa kilo 70 ni kama balbu ya wati 70 inayowaka usiku na mchana. Akilima au akipanda mlima, joto hilo huongezeka mara kadhaa. Damu hulisambaza, jasho hulipoza, naye haumwi. Shida huanza pale joto linapozidi uwezo wa mwili wa kuliondoa.

Majaribio yaliyofanywa kwa wanyama yalionyesha kuwa mwili mzima unapofyonza wati 4 hivi kwa kila kilo, kwa muda wa nusu saa au zaidi, joto la mwili hupanda kwa karibu nyuzi moja, na mnyama huanza kuacha kazi aliyokwisha fundishwa. Hapo ndipo dalili ya kwanza ilipoonekana. Mwaka 1998 kamati ya kimataifa ya wanasayansi iitwayo ICNIRP ilizichukua wati hizo 4 na kuzigawa kwa 10. Hicho kikawa kikomo cha wafanyakazi wa mitambo, yaani wati 0.4. Kwa wananchi wote, wakiwemo wagonjwa, wazee, wajawazito na watoto, ikazigawa kwa 50. Ndipo tukapata kikomo cha wati 0.08 kwa kila kilo. Kamati hiyo ilipitia upya ushahidi wote mwaka 2020, na kikomo hicho ikakiacha palepale.

Lakini simu haimuliki mwili mzima sawasawa. Inabanwa mahali pamoja, sikioni au mfukoni. Kwa hiyo kuna kikomo kingine cha sehemu ndogo ya mwili: wati 2 kwa kilo kwa kichwa na kiwiliwili, zikipimwa katika gramu 10 za nyama ya mwili, kiasi cha vijiko viwili vya chai vya sukari. Kwa mikono na miguu kikomo ni wati 4. Marekani tangu mwaka 1996 inatumia kikomo kikali zaidi kidogo kwa kichwa, yaani wati 1.6 zikipimwa katika gramu moja.

KICHWA KILICHOJAA MAJI YA SUKARI

Je, wanapimaje? Hakuna awezaye kumdunga mtu aliye hai kipimo ndani ya ubongo. Wataalamu wametengeneza mfano wa kichwa cha mtu, ganda jembamba lililolazwa ubavu na kuachwa wazi kwa juu. Vipimo vyake vilitokana na vichwa vya askari wa jeshi la Marekani, tena wale wenye vichwa vikubwa. Ndani yake humiminwa majimaji yaliyochanganywa maji, sukari, chumvi na vitu vingine, ili yafyonze mawimbi kama ubongo unavyofanya.

Simu huwekwa chini ya ganda hilo, kwanza ikigusa shavu, kisha ikiwa imeinamishwa kidogo. Hulazimishwa kutoa nguvu yake yote, kana kwamba mnara uko mbali sana. Mkono wa roboti huzamisha kijiti cha kupimia ndani ya majimaji na kukisogeza hatua kwa hatua, ukitafuta mahali penye mawimbi makali kuliko pote. Ukipapata, hupima tena hapo kwa makini zaidi, nukta kwa nukta. Kazi hiyo hurudiwa kwa sikio la kulia na la kushoto, na kwa masafa yote ambayo simu hiyo hutumia. Mwishoni huchukuliwa ile namba iliyo kubwa kuliko zote. Ndiyo inayoandikwa kwenye kijitabu.

Namba hiyo, basi, inaeleza hali mbaya kuliko zote. Katika matumizi ya kila siku simu hutoa nguvu ndogo zaidi, mara nyingi ndogo sana. Kwa sababu hiyo, usiamini kwamba simu yenye 0.6 ni salama mara mbili kuliko yenye 1.2. Zote ziko ndani ya kikomo, na kinachotofautisha matumizi yako ni mahali ulipo na namna unavyoishika simu.

SIMU YAKO AU MNARA?

Mnara nao hupimwa, ila kwa njia nyingine. Mpimaji hutembea na chombo cha mkononi mahali watu wanapoishi, darasani, uani, dirishani, akisoma ukali wa mawimbi hewani kwa dakika kadhaa na kutafuta wastani. Kikomo kwa wananchi katika masafa ya 900 ni wati 4.5 kwa kila mita moja ya mraba, na katika masafa ya 1800 ni wati 9. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza kuwa vipimo vilivyokusanywa karibu na minara vilikuwa kati ya 0.002 na 2 kwa kila mia ya kikomo. Mahali palipozidi kuliko pote, basi, palifikia sehemu mbili tu katika mia. Shirika hilo liliongeza jambo litakalowashangaza wengi: kwa ukali ulio sawa, mwili hufyonza mawimbi ya redio ya FM na televisheni hadi mara tano zaidi ya yale ya mnara wa simu. Nayo tumeishi nayo kwa miaka mingi.

Kwa nini mnara mkubwa utupe kidogo hivyo? Sababu ya kwanza ni umbali. Ukiongeza umbali mara mbili, ukali wa mawimbi hubaki robo. Ukiongeza mara kumi, hubaki sehemu moja ya mia. Sababu ya pili ni kwamba antena humulika mbele kama taa za gari, si chini ya magurudumu. Aliye chini ya mnara hupata kidogo. Hatari ya kweli ipo hatua chache tu mbele ya antena yenyewe, kule juu. Ndiyo maana mnara huzungushiwa uzio, na fundi hapandi mpaka awe ametimiza masharti ya usalama.

Simu, kwa upande wake, iko kwenye ngozi yako. Tena ina tabia ambayo wengi hatuijui. Mnara ukiwa karibu, simu hunong'ona. Mnara ukiwa mbali, hupiga kelele. Simu ya 2G ya masafa hayo ya 900 inaweza kupanda hadi wati 2 kwa vipindi vifupi vifupi, ikashuka hadi elfu chache za wati moja pale mtandao unapokuwa mzuri. Basi, kijiji kinachoukataa mnara hakijaikimbia mionzi. Huenda kimejiongezea, kwa kuwa kila simu sikioni hulazimika kupiga kelele ili isikike ng'ambo ya mlima.

YALIYOTOKEA UFARANSA

Kupima si kazi ya kufanywa mara moja kiwandani na kusahauliwa. Nchini Ufaransa kuna wakala wa serikali uitwao ANFR ambao huchukua simu zinazouzwa madukani na kuzipima upya. Mwaka 2023 ulipima simu 141. Moja kati yake, iPhone 12, ilipopimwa kama inavyoshikwa mkononi au kuwekwa mfukoni mwa suruali, ilisoma wati 5.74 kwa kilo, wakati kikomo ni 4. Mwezi Septemba mwaka huo serikali ilisimamisha uuzaji wake. Kampuni ikatuma marekebisho ya programu, simu ikapimwa tena, ikaonekana iko ndani ya kikomo.

Je, waliokuwa nayo waliungua? La, hasha. Kikomo kimewekwa chini sana ya kiwango chenye madhara, kusudi kosa la namna hii lisimdhuru mtu. Lakini kikomo kina maana pale tu kuna anayepima. Hapa Tanzania, mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizizima simu bandia. Moja ya hasara za simu bandia ni hiyo: huwezi kujua kama kuna mtu aliyewahi kuipima.

JE, SIMU HULETA SARATANI?

Tuseme ukweli wote. Mwaka 2011 idara ya WHO ya utafiti wa saratani, IARC, iliyaweka mawimbi ya simu katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Kundi hilo si la tumbaku. Ni la vitu ambavyo ushahidi wake ni mdogo na unahitaji kuchunguzwa zaidi. Humo umo pia utomvu wa jani zima la mshubiri. Utafiti mkubwa wa nchi 13, uliotolewa mwaka 2010, kwa jumla haukuona ongezeko la uvimbe wa ubongo. Kwa wale waliozungumza sana kuliko wote ilionekana dalili fulani, lakini watafiti wenyewe walisema kasoro za kukumbuka na kuchagua watu zilizuia kuamua.

Baada ya hapo, mwaka 2024, ulitolewa uchambuzi wa tafiti nyingi ulioagizwa na WHO. Haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa watu waliotumia kwa miaka kumi na zaidi. Kwa hiyo mzazi asiishi kwa woga. Wala mtu asichochee woga kwa uvumi, kwani amri ya nane inatuhusu hata katika makundi ya simu. Mwaka 2020 nchini Uingereza watu walichoma minara moto kwa kuamini kwamba 5G inaleta korona. Walioumia ni wagonjwa na wazee waliohitaji simu kuita msaada.

TUSIWASAHAU WATOTO

Kile kichwa cha kupimia ni cha mtu mzima. Fuvu la mtoto ni jembamba, na ubongo wake uko karibu zaidi na simu. IARC ilieleza mwaka 2011 kwamba mtoto akiweka simu sikioni, ubongo wake hufyonza wastani wa mara mbili ya mtu mzima, na uboho wa mifupa ya fuvu hadi mara kumi. Bado hilo halimaanishi kwamba anadhurika. Lakini mtoto wa leo ataishi na simu miaka sabini au themanini. Kumpunguzia pasipo gharama yoyote ni busara. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha juu ya kanuni ya tahadhari.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Iweke simu mbali na kichwa. Ukifungulia sauti ya nje au ukitumia visikilizio vya masikioni, simu ikakaa sentimita 30 au 40 kutoka mwilini, unachofyonza hupungua sana. Ujumbe mfupi nao ni afadhali kuliko maongezi marefu.

2. Mtandao ukiwa hafifu, fupisha maongezi, au toka nje ya nyumba ya bati na zege. Nje simu haihitaji kupiga kelele.

3. Usilale na simu kitandani, wala usiichaji chini ya mto. Hapo hatari kubwa si mawimbi bali betri kupata moto, na usingizi wa watoto kuharibika.

4. Mtoto mdogo asipewe simu iwe kichezeo. Akiangalia katuni au nyimbo zilizokwisha hifadhiwa, zima kwanza mtandao.

5. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo aiweke simu angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa hicho, na aipokee kwa sikio la upande wa pili. Asiiweke mfuko wa shati.

6. Usinunue vibandiko vinavyosemwa kuwa "vinazuia mionzi." Kama vinaiziba antena, simu huongeza nguvu ili isikike, na wewe umepoteza fedha.

7. Usishike simu ukiendesha gari, pikipiki au baiskeli. WHO inasema dereva anayetumia simu yuko karibu mara nne zaidi katika hatari ya ajali. Wapendwa, kama kuna namna ambayo simu inaua watu wetu leo, ni hii, na haihitaji chombo cha kupimia.

PAROKIA INAPOOMBWA KIWANJA

Tukirudi kwenye ule mkutano wa halmashauri, ushauri wetu ni kwamba watu wasibishane kwa hofu wala kwa tamaa ya kodi. Waombe vipimo. Hapa nchini Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, ndiyo yenye jukumu la kusimamia usalama wa mionzi. Parokia iandike barua na kuomba mambo manne kabla ya kutia sahihi. Kwanza, vipimo vifanyike kabla ya mnara kuwashwa na baada ya kuwashwa. Pili, vifanyike mahali watoto wanapokaa, yaani darasani na bwenini. Tatu, antena zisielekee ghorofa lililo jirani kwa urefu uleule, na uzio uwe imara wenye kufuli. Nne, matokeo yasomwe kwenye matangazo ya Jumapili, kwa Kiswahili, pamoja na kikomo chake, ili hata bibi aliyekaa benchi la mwisho aelewe.

Kampuni ikikataa kupima, hiyo ni sababu nzuri ya kusema hapana. Ikikubali, na vipimo vikawa chini ya kikomo, basi hofu imepata jibu lake, na zahanati ipate bati.

Mtume Paulo alituambia kuwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Tunalitunza hekalu hilo kwa kujua, si kwa kuogopa tu. Basi leo jioni, baada ya sala ya familia, anza na jambo moja dogo: ondoa simu kitandani mwa mtoto.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Nyumbani kwetu simu hulala wapi usiku?

2. Ni uvumi gani juu ya minara tuliousikia na kuusambaza bila kuuliza?

3. Je, katika jumuiya yetu kuna vijana wanaoendesha bodaboda huku wakipokea simu? Tutawasaidiaje?